Majuma Kumi na Moja ya Bwana Gramu

Wazee wetu, ndugu wa pande zote mbili, majirani, wafanyakazi wenzake na marafiki wote mliofika kumsindikiza, familia inawasalimu na kuwashukuru kwa kuacha shughuli zenu, na inaomba mvumilie kusikiliza maisha ya mpendwa wetu kama yeye mwenyewe alivyotaka yasomwe, yaani kwa tarehe kamili, bila kutia chumvi na bila kuruka mahali panapouma, kwani miezi minne iliyopita alikaa nasi sebuleni, akaipitia rasimu hii mwaka baada ya mwaka, akasahihisha tarehe tatu, akafuta sifa mbili alizosema si zake, na tulipopendekeza kwamba habari ya macho ingeweza kuachwa kwa heshima yake, alikataa katakata, akasema, "Mkiiacha hiyo, mtakuwa mmemzika mtu mwingine."

Marehemu, ambaye wengi wenu mlimjua kwa jina la Bwana Gramu, alizaliwa siku ya Jumatano, tarehe 14 Machi 1956, saa nne asubuhi, akiwa na uzito wa kilo tatu na gramu mia mbili, mtoto wa tatu kati ya watoto sita wa baba fundi saa na mama karani wa posta. Alizaliwa mzima, akalia kama inavyotakiwa, akanyonya vizuri, na kwa siku mbili za kwanza hakuna aliyekuwa na la kusema, mpaka siku ya tatu mama alipokwenda kufua nepi alizoziloweka jana yake na kuzikuta zimekuwa nyeusi kama zilizotumbukizwa kwenye wino.

Jirani wa mlango wa pili, mwanamke mwenye roho nzuri ila mdomo wake haukuwa na breki, alieneza habari kwamba karani wa posta hajui kufua, na mama, ambaye usafi ulikuwa fahari yake, alibadilisha sabuni mara tatu katika mwezi mmoja bila mafanikio. Baba yetu hakubishana na mtu, alichukua nepi moja iliyotoka kwa mtoto ikiwa haina doa, akaitia kwenye beseni la maji ya sabuni, akaketi kando yake na saa mkononi kama alivyozoea kukaa na saa ya mteja, akaandika kwamba rangi ya chai ilionekana baada ya saa moja na dakika arobaini, rangi ya kahawia baada ya saa tano, na weusi kamili kesho yake asubuhi, akapeleka karatasi ile kwa daktari wa watoto. Daktari aliisoma, akampapasa mtoto tumbo, akasema mtoto anakula, analala, anaongezeka uzito, sasa wazazi wanataka nini zaidi, na mama akamjibu kwa neno moja, "Kujua." Hakujibiwa siku ile, na inatusikitisha kusema kwamba alifariki tarehe 8 Novemba 1999 akiwa bado hajajibiwa.

Tarehe 2 Septemba 1967 alizaliwa kitinda mimba wetu, msichana, na nepi zake za kwanza zilipogeuka nyeusi mama hakubadilisha sabuni tena, alimwita marehemu, wakati huo kijana wa miaka kumi na moja, akamwambia, "Huyu ni wako, mnafanana," na tangu siku hiyo kazi ya kufua na kuanika nepi za dada yake ikawa ya marehemu, akaifanya bila kununa, na watu wa nyumbani wakaanza kuwahesabu wawili hao kama kikosi kimoja. Miaka mingi baadaye, alipoelezwa kwamba wazazi wenye kasoro hii iliyojificha hupata nafasi moja kati ya nne kwa kila mtoto, marehemu alipiga hesabu, akaona kuwa watoto sita walistahili kutoa mgonjwa mmoja na nusu, akasema maumbile yalikadiria kwa kwenda juu kwa kuwa nusu mtoto haipo.

Alianza shule ya msingi Januari 1963 na kumaliza Novemba 1969, akaingia sekondari mwaka 1970 hadi 1973, na katika miaka yote hiyo jina lake darasani lilikuwa Wino, kwa sababu hata jasho lake liliacha madoa ya kahawia kwenye makwapa ya shati la sare, na wenzake walisema amemeza chupa nzima. Hakuwa mtu wa ngumi, na mwanafunzi mmoja aliyezidi kumfuata alijibiwa kwa upole, "Nimeimeza ili usije kuniazima," darasa likacheka, na huyo huyo akawa rafiki yake hadi leo, yuko hapa, safu ya nne upande wa kushoto, na familia inamshukuru kwa viti mia moja na ishirini alivyovileta. Marehemu alifaulu vizuri zaidi hisabati na fizikia, akasoma chuo cha mizani na vipimo tangu Januari 1976 hadi Desemba 1977, akatoka wa pili kati ya wanafunzi thelathini na mmoja, na hadi uzee wake aliweza kukueleza alama mbili alizozidiwa na wa kwanza zilipotelea kwenye swali gani.

Aliajiriwa tarehe 1 Februari 1978 kama mkaguzi wa mizani, akastaafu tarehe 31 Machi 2016, jumla ya miaka thelathini na minane na miezi miwili katika ofisi ile ile, kwenye meza ile ile iliyo karibu na dirisha, na kwa muda wote huo alibeba sanduku la mbao lenye mawe ya kupimia kumi na manne ya shaba, kuanzia kilo tano hadi gramu moja, ambayo hakuyagusa kwa vidole vitupu hata siku moja, akieleza kila aliyeuliza kwamba jasho la kidole nalo lina uzito. Alikuwa na taratibu zake, hakunywa chai ya mfanyabiashara kabla ya kazi, aliinywa baada ya kupiga mhuri, na aliyekosa mhuri hakunywa naye kabisa, lakini alimwonyesha kwa subira mahali mizani yake ilipolegea, akarudi wiki iliyofuata bila kinyongo. Muuza nyama mmoja aliyefungiwa mizani mara mbili ndiye aliyempa jina la Bwana Gramu, na ndiye aliyekuwa akitangaza sokoni kwamba mkaguzi huyu akiingia, hata nzi anashuka mwenyewe kwenye mizani.

Marehemu alifunga ndoa tarehe 12 Desemba 1981 na mkutubi wa maktaba ya umma, ambaye alimfahamu kwa kurudisha vitabu siku moja kabla ya tarehe, na kabla ya kumchumbia rasmi aliona ni haki amweleze hali yake yote, ya nepi, ya jasho na ya mkojo, akamweleza wakiwa wamekaa kwenye benchi nje ya maktaba, kwa mpangilio, akitumia maelezo aliyokuwa ameyaandika kwenye karatasi ili asisahau. Bibi harusi mtarajiwa alisikiliza mpaka mwisho, akauliza kama karatasi imekwisha, akaambiwa imekwisha, akasema, "Basi na mimi nakoroma, tumelingana." Ndoa hiyo ilidumu miaka arobaini na mitatu, miezi tisa na siku ishirini na saba, na katika ndoa hiyo walijaliwa watoto watatu, wa kwanza, binti, mwaka 1983, ambaye leo ni mhandisi wa maji, wa pili, wa kiume, mwaka 1986, fundi wa mitambo ya kuchapisha, na wa tatu, binti, mwaka 1990, mwalimu wa muziki. Kila mmoja alipozaliwa, marehemu alichukua nepi moja, akailoweka kwenye sabuni, akaiweka dirishani kwa saa ishirini na nne kamili, na zote tatu zilibaki nyeupe, ingawa ya yule wa pili alirudia mara mbili kwa kuwa hakuridhika na mwanga wa dirisha, mpaka mkewe akamwambia mtoto si mizani na ampishe anyonyeshe.

Maumivu ya mgongo yalianza mwaka 1988, akiwa na miaka thelathini na miwili, yakafuatwa na magoti, kisha nyonga, masikio yake yakachukua rangi ya samawati na weupe wa macho yake ukapata alama za kahawia, na kwa miaka kumi na mitano alitibiwa ugonjwa huu na ule, hadi tarehe 19 Juni 2003 alipofanyiwa upasuaji wa goti la kulia. Daktari wa upasuaji alitoka kabla ya muda aliotaja, akamfuata shemeji yetu, mke wa marehemu, kwenye benchi la kusubiri, akamwambia kwamba amefungua magoti kwa miaka ishirini na miwili na hajawahi kukuta gegedu nyeusi kama mkaa, na akauliza kama mgonjwa alikuwa na jambo lolote la ajabu utotoni, naye shemeji, badala ya kusimulia, alifungua mkoba akatoa ile karatasi ya benchi la maktaba, aliyokuwa ameitunza kwa miaka ishirini na miwili.

Hivyo ndivyo ugonjwa ulivyotambulika, na Agosti mwaka huo dada yake naye, wakati huo fundi cherehani wa miaka thelathini na mitano, alipimwa akakutwa nao, na wote wawili wakapelekwa kwa daktari wa magonjwa ya nadra katika hospitali kuu, mwanamke anayeongea polepole kama mtu anayetunga uzi, ambaye alichora meza nne mgongoni mwa bahasha. Alieleza kwamba protini tunayokula hukatwakatwa, na kipande kimoja kinachoitwa tairosini hupitishwa kutoka meza hadi meza, kila meza ikiwa na mfanyakazi wake aitwaye kimeng'enya, mwenye kazi moja tu ambayo mwingine hawezi kumshikia, na kwamba kwa ndugu hawa mfanyakazi wa meza ya tatu hakuwapo tangu tumboni, kwa hiyo mzigo uliotoka meza ya pili ulirundikana, mwingine ukatoka na mkojo, mwingine ukaganda kwenye viungo na kuvitafuna. Miaka sita baadaye daktari huyo huyo aliwaita akawaambia kuna dawa inayoanza kufanyiwa utafiti kwa wagonjwa, iliyotokana na kemikali zilizochunguzwa kwanza kwa ajili ya kuua magugu, ambayo haiwezi kumleta mfanyakazi aliyekosekana, bali inamsimamisha kazi yule wa meza ya pili, ili ule mzigo mbaya usitengenezwe kabisa.

Dada alicheka, akasema katika maisha yake ameitwa mengi lakini magugu bado, ila marehemu hakucheka, aliitoa ile bahasha ya miaka sita iliyopita, akaweka kidole kwenye meza ya kwanza, akauliza, "Na mzigo utakaokwama meza ya kwanza, nani ataubeba?" Daktari akajibu, "Damu itaubeba, mzee wangu, na damu ikilemewa, yatakayoumia ni macho."

Ndiyo maana utafiti ulikuwa na masharti mawili, kwanza kupunguza nyama, mayai, maharage na maziwa kwa kipimo kilichoandikwa, pili kujaza kila wiki fomu yenye maswali manane, na ulipangwa kwa makundi mawili, kundi la kwanza la watu kumi na sita ambao viungo vyao vilikuwa vimeharibika zaidi, na kundi la pili la watu arobaini ambao ugonjwa ulikuwa haujawala sana, ambalo lingefunguliwa tu iwapo la kwanza lingekwenda salama. Marehemu aliingia kundi la kwanza, mshiriki wa tisa, akameza kidonge cha kwanza Jumatatu, tarehe 7 Septemba 2009, na dada yake akaandikwa kusubiri la pili.

Wenzake wa ofisini watakumbuka chupa ya lita mbili na nusu aliyokusanyia mkojo wa saa ishirini na nne, iliyokaa kwenye kabati la chini, mbali na sanduku la mawe, ikiwa na karatasi aliyoiandika kwa herufi kubwa SI CHAI, na watakumbuka pia asubuhi aliyofika na kuwatangazia, mtu ambaye hakuwahi kutangaza lolote, kwamba ile asidi mbaya, ule mzigo wa meza ya pili, imeshuka kwa asilimia tisini na nane. Nyumbani alifanya kipimo cha baba yetu, alichovya kitambaa cheupe kwenye mkojo wake, akakitia kwenye maji ya sabuni, akasubiri hadi kesho yake, na kitambaa kikabaki cheupe kwa mara ya kwanza katika miaka hamsini na mitatu, akakianika uani peke yake kwenye kamba nzima, na mkewe alipomuuliza mbona hakianui wakati kimekauka, alisema kiacheni, mama angependa kukiona.

Sasa tunafika mahali alipotuagiza tusiparuke. Jumatatu, tarehe 18 Januari 2010, wiki ya ishirini ya dawa, marehemu aliamka akihisi kama ana mchanga machoni, mwanga wa dirisha ukimchoma na machozi yakimtoka, na jioni alipojaza fomu, kwenye swali la sita lililouliza kama macho yanauma au yanaogopa mwanga, alitia alama kwenye Hapana. Alifanya hivyo majuma kumi na moja mfululizo. Alivaa miwani myeusi, ofisini akasingizia vumbi la sokoni, na nyumbani alipojaribu kisingizio hicho hicho mkewe alimwambia, "Mimi naishi na vumbi la vitabu zaidi ya miaka ishirini na minane, mbona silii?" naye akahamia kwenye kiti kilicholipa dirisha mgongo.

Hakuficha kwa kujipenda, ingawa mwenyewe alikataa tumtetee kwa hilo. Alijua kwamba mshiriki akiugua macho dawa husimamishwa, na kwamba kundi la kwanza likiharibika kundi la pili halitafunguliwa, na dada yake, ambaye wakati huo alikuwa ameanza kushika kiuno kila anapoinuka kwenye cherehani, angebaki nje ya mlango kama mama yetu alivyobaki. Hivyo alipiga hesabu yake, akaona macho yake mawili ni bei nafuu, na kosa la hesabu hiyo hakuliona mpaka alipoonyeshwa.

Aliyemwonyesha ni dada mwenyewe. Jumamosi, tarehe 3 Aprili 2010, alasiri, alifika kwa kaka yake na karatasi za ridhaa za kundi la pili, zilizotumwa mapema ili watu wazisome, akazilaza mezani, akasema mambo mengine yote ameyaelewa, ya chakula, ya chupa na ya safari za hospitali, limebaki moja tu. "Kaka," alisema, "riziki yangu iko kwenye tundu la sindano. Wewe ndiye umeionja hii dawa, mimi namwamini nani mwingine? Macho yakoje?"

Shemeji yetu, aliyekuwa akimenya matunda upande wa pili wa meza, anasema marehemu alianza kwa kuzisawazisha zile karatasi kwa vidole. Kisha akavua ile miwani myeusi, akaiweka juu ya karatasi za ridhaa, na macho yake yalikuwa mekundu kama kidonda. Akamwambia dada yake asitie sahihi, angoje kwanza, akaenda chumbani akarudi na daftari dogo la mistari, kwa sababu mtu yule hata alipokuwa anadanganya kwenye fomu, alikuwa anaandika ukweli pembeni, kila siku, saa maumivu yalipoanza na saa yalipopoa. Dada aliyasoma majuma yote, akafunga daftari, akasema, "Na mimi ungeniacha nipofuke kwa adabu hivi hivi?" Hakupandisha sauti, na marehemu alituambia kwamba katika maisha yake yote hakuwahi kupimwa na kukutwa pungufu kama siku ile.

Siku mbili zilizofuata aliandika barua yenye kurasa tano, na jedwali la siku sabini na saba, tarehe upande wa kushoto, alichokiona katikati, alichokijaza kwenye fomu upande wa kulia, na Jumanne, tarehe 6 Aprili, aliipeleka mwenyewe kwa daktari, akaisimamia ikisomwa, akasema, "Daktari, katika utafiti wako mimi ndiye mizani mbovu." Daktari aliuliza kwa nini ameamua kusema sasa, akajibu kwamba kuna mtu anataka kupimia juu yake, na daktari, ambaye kwa haki angeweza kumwondoa, alikunja barua ile akamwambia kwamba anamwandikia mapumziko, si kufukuzwa, maana mbovu anayejileta mwenyewe kukaguliwa bado ana kazi.

Dawa ilisimamishwa tarehe 8 Aprili. Muuguzi wa macho alimmulika kwa taa ya samawati akaona mikwaruzo kwenye kioo cha jicho, iliyosambaa kama mizizi, ambayo ilipona yote ndani ya wiki tatu, na hapo ndipo likaja swali la kwa nini yeye peke yake kati ya watu kumi na sita, ilhali ndiye aliyekuwa akipima chakula kwa uangalifu kuliko wote. Mtaalamu wa lishe, binti wa rika la mwanawe wa kwanza, alimwomba alete mizani yake ya jikoni, naye aliileta pamoja na mawe yake ya shaba ili kusiwe na ubishi, wakaipima mbele ya watu wanne, ikakutwa haina kosa hata la gramu moja. Binti akaitazama ile mizani, akamtazama mwenye mizani, akauliza, "Baba, nyama unaipima ikiwa mbichi au imeshaiva?"

Marehemu alisema imeshaiva, kwani ndiyo anayoila. Wote wakaigeukia karatasi ya masharti, kwa sababu ilihesabu nyama mbichi bila kuandika hivyo, wengine wote walikata kwa macho tu kabla ya kutia sufuriani na wakakosea kwa bahati upande ulio salama, na yeye peke yake katika utafiti mzima ndiye aliyepima kikamilifu kitu kisichotakiwa, kwa kuwa nyama ikiiva hupoteza maji, na gramu themanini zake za mezani zilikuwa gramu mia moja na kumi na mbili kabla ya moto. Alichukua kalamu papo hapo, akazidisha gramu thelathini na mbili kwa siku mia mbili na kumi, akapata kilo sita na gramu mia saba na ishirini za nyama ambazo damu yake ilizibeba bila kibali, akaweka kalamu chini, akaanza kucheka, na mkewe anasema hakuwa amemsikia akicheka namna ile tangu mtoto wa pili azaliwe. Muuza nyama wa sokoni alipopata habari alifunga duka nusu saa ili aje kumwambia ana kwa ana kwamba kwa makosa kama hayo yeye alifungiwa mara mbili.

Alirudishiwa dawa tarehe 14 Juni 2010, kwa nusu ya kipimo na kisha kipimo kamili, na macho hayakumsumbua tena. Karatasi ya masharti iliandikwa upya ikaongezwa maneno matatu, kabla ya kupika, kila mshiriki akapangiwa kumulikwa macho kila anapofika kliniki, awe analalamika au halalamiki, na ripoti ya utafiti, kwa ombi la marehemu mwenyewe, ilieleza wazi kwamba mshiriki wa tisa alificha dalili kwa siku sabini na saba. Kundi la pili lilifunguliwa tarehe 1 Machi 2011, na dada yake akatia sahihi siku hiyo ya kwanza, saa mbili na nusu asubuhi, akiwa ameyasoma masharti yote kwa macho yake. Kati ya watu arobaini wa kundi hilo, watatu walipata mikwaruzo, wote walionekana kwenye taa kabla hawajasikia maumivu, wakarekebishiwa chakula, na hakuna aliyepoteza uoni wala dawa.

Baada ya kustaafu marehemu alijitolea kwa miaka mitatu kuwatembelea wagonjwa wapya majumbani, akiwa na mizani ndogo ndani ya mfuko wa kitambaa, akiwaonyesha jinsi ya kupima kabla ya kupika, na kila nyumba aliyoingia alianza kwa kusimulia kosa lake mwenyewe, maana alisema mtu hawezi kukuonyesha daftari lake la kweli kama wewe hujamwonyesha lako.

Dawa ilizuia mzigo mpya, lakini haikuweza kuondoa uliokwisha kuganda. Alikuwa ameishi siku elfu kumi na tisa mia sita na mbili bila dawa, na siku elfu tano mia nane na tisa akiwa nayo, hesabu ya mwisho tumeimalizia sisi, na katika zile za kwanza weusi ulikuwa umeshafika kwenye valvu ya moyo. Iligundulika mwaka 2019, akawekewa valvu mpya tarehe 11 Agosti 2020, ikampa miaka mitano ya kutembea na kupanda ngazi za maktaba kumfuata mkewe, kisha kuanzia Mei mwaka huu moyo ukaanza kuchoka, akalazwa mara mbili, akaomba arudi nyumbani, na Alhamisi, tarehe 9 Oktoba 2025, saa tisa alasiri, alituaga akiwa kitandani kwake, mkewe akimsomea, akiwa na umri wa miaka sitini na tisa, miezi sita na siku ishirini na tano. Ameacha mjane, watoto watatu, wajukuu watano, na ndugu wanne walio hai.

Familia inamshukuru daktari wa magonjwa ya nadra, aliyemjibu mama yetu kupitia wanawe, daktari wa upasuaji aliyeona weusi akauliza badala ya kufunika, madaktari na wauguzi wa wodi ya moyo, muuguzi wa macho na taa yake, na binti wa lishe kwa swali lake moja. Tunawashukuru majirani wote, mliokuja na mliotuma, mliopika na mliokaa tu nasi bila kusema neno, wafanyakazi wenzake wa ofisi ya mizani waliolibeba jeneza hili leo kwa mikono sita, na washiriki wa makundi yote mawili waliosafiri kutoka mbali, ambao hatutawataja kwa majina kwa kuwa hata ripoti haikuwataja.

Shukrani ya mwisho ni ya kwake marehemu, na imeombwa na dada yake. Ana miaka hamsini na minane, umri ambao kaka yake alikuwa ameshabadilishiwa magoti yote mawili na nyonga moja, na yeye hajabadilishiwa kiungo chochote, amesimama pale mbele tangu tulipoanza kusoma, na mara mbili tumemletea kiti, mara mbili amekirudisha, akisema kwamba leo atasimama, maana anaweza.

Ulale kwa amani, Bwana Gramu, na safari hii mgongo usikuamshe.